Chaguo la 17 liende wapi? Gumzo la ukoo, Cincinnati hadi Mombasa

*Jumanne, 22 Aprili 2025*

Mama Mdogo Rukia: Assalamu alaykum wapendwa. Alhamisi ni kwangu kama tulivyokubaliana. Biriani ya kuku. Niko kwenye saumu zangu sita, zimebaki mbili, kwa hiyo chakula ni baada ya Maghrib.

Salim: Waalaykum salaam mama mdogo, shikamoo. Mimi na Zainab tutatoka Columbus saa kumi jioni inshallah.

Mama Mdogo Rukia: Marahaba baba. Endesheni polepole.

Omari (Mombasa): Kuna arusi mbona hamtuambii?

Salim: Drafti ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, kaka! Mwaka huu iko Green Bay. Raundi ya kwanza inaanza Alhamisi saa mbili usiku huku. Kwenu itakuwa saa tisa usiku kuamkia Ijumaa.

Omari (Mombasa): Ndiyo ile ya kugawana vijana wa vyuo?

Zainab: Ndiyo hiyo. Timu 32, raundi saba. Aliyeshika mkia msimu uliopita anachagua mwanzo, bingwa anachagua mwisho. Bengals wetu wa Cincinnati wako nafasi ya 17. Na safari hii wana machaguo sita tu kwa raundi zote, hakuna la kupoteza.

Mjomba Hamisi: Chaguo la 17 ni gadi. Gadi wetu Cappa ameachwa mwezi wa tatu, na upande wa pili Volson tumemuona msimu mzima anavyosukumwa. Huwezi kumlipa Burrow, kwotabeki wetu anayerusha mipira, dola milioni 275 halafu mbele yake uweke uwazi.

Salim: Shikamoo mjomba. Mimi napinga.

Mjomba Hamisi: Marahaba. Haya pinga, lakini lete sababu.

Salim: Sababu ni matokeo ya mwaka jana. Washington tulipata pointi 33, tukafungwa 38. Ravens nyumbani tukapata 38, wakapata 41. Ravens kwao 34, wakapata 35. Steelers 38, wakapata 44. Mechi nne hizo! Tungeshinda mbili tu kati ya hizo tungekuwa kwenye mchujo. Tukamaliza 9 kwa 8 na kukaa nyumbani, na Burrow amerusha yadi 4,918 na tachidauni (mabao) 43.

Omari (Mombasa): Ngoja kwanza. Timu inapata pointi 38 na bado inafungwa, na mjomba anataka kuongeza mtu upande wa kushambulia?

Mjomba Hamisi: Omari mwanangu, gadi hashambulii. Gadi anasimama kando ya senta, kazi yake ni kumkinga kwotabeki. Burrow akipata sekunde moja zaidi, tunashika mpira muda mrefu, na ulinzi wetu unapumzika. Ukimkinga Burrow umewakinga wote.

Mjomba Hamisi: Nilikuwa naangalia tarehe 22 Novemba 2020 goti lake lilipovunjika kule Washington. Mwaka wake wa kwanza huo. Nahodha akivunjika mguu, chombo kitaendeshwa na nani?

Zainab: Hilo la goti hakuna anayelibisha mjomba. Lakini kumbuka drafti iliyofuata, 2021, tukiwa nafasi ya 5. Nusu ya mji huu ilitaka Penei Sewell aje kumkinga Burrow, nusu ilitaka mpokeaji Ja'Marr Chase. Wakamchukua Chase. Yadi 1,455 na tachidauni 13 mwaka wa kwanza, na msimu huo huo tukafika Super Bowl, fainali ya ligi.

Mjomba Hamisi: Na Super Bowl tuliikosaje? Rams 23, sisi 20, Burrow kaangushwa mara 7. Kabla yake kwa Titans aliangushwa mara 9! Tulishinda ile 19 kwa 16 kwa rehema za Mungu. Msimu ule hakuna kwotabeki ligi nzima aliyeangushwa kama yeye, mara 51. Sewell leo ni miongoni mwa bora kabisa duniani kwa kazi ile, yuko Detroit.

Zainab: Sawa. Na aliyetumaliza siku ile ni nani?

Mjomba Hamisi: Aaron Donald.

Zainab: Aaron Donald, mstari wa mbele wa ulinzi, chaguo la 13 mwaka 2014. Mchezo wetu wa mwisho, tunahitaji yadi moja, akamzungusha Burrow mpira ukaruka hewani. Mjomba wewe ukiitazama mechi ile unaona kwamba hatukuwa na gadi. Mimi naona kwamba hatukuwa na Donald.

Salim: 👏👏

Mama Mdogo Rukia: Kaka, hapo amekushika.

Mjomba Hamisi: Hajanishika. Kina Donald hawako kila mwaka. Na hapo nafasi ya 17 hayupo. Hebu niwaulize nyie wawili, mnadai tuchague ulinzi kama kwamba hatujawahi. 2022 machaguo yetu matatu ya kwanza yalikuwa nani?

Salim: Dax Hill, Cam Taylor-Britt, Zach Carter.

Mjomba Hamisi: Wote ulinzi. 2023?

Salim: Myles Murphy, DJ Turner, Jordan Battle.

Mjomba Hamisi: Wote ulinzi. Mwaka jana ndipo tukamchukua Mims wa kumkinga Burrow kwanza, kisha tukarudi kulekule kwa Kris Jenkins na McKinnley Jackson. Tumemwaga machaguo upande huo miaka mitatu, na bado tunafungwa 44. Murphy ni chaguo la raundi ya kwanza, kazi yake ni kumwangusha kwotabeki, na msimu uliopita hakumwangusha hata mmoja. Sasa mnataka nimwage tena mwaka wa nne?

*(Salim anaandika…)*

Mjomba Hamisi: Na Hendrickson, aliyeongoza ligi nzima kwa kuangusha makwotabeki 17.5, tulimpata kwenye drafti? Tulimnunua kutoka Saints 2021. Mtu wa kuangusha unaweza kumnunua. Ushahidi tunao nyumbani.

Omari (Mombasa): Hiyo nusu ni ya nani? 17 na nusu?

Salim: Wawili wakimwangusha pamoja kila mmoja anaandikiwa nusu.

Omari (Mombasa): Haki kabisa. Nimeipenda hiyo.

Zainab: Nimetoka zamu sasa hivi, nisomeni vizuri maana hii ndiyo hoja yangu yote.

Zainab: Mjomba, Hendrickson 2021 alikuja kwa milioni 60 kwa miaka minne, yaani 15 kwa mwaka. Bei hiyo haipo tena. Mwezi uliopita Browns wamempa Myles Garrett milioni 40 kwa mwaka. Raiders wamempa Crosby 35.5. Hendrickson mwenyewe anataka mkataba mpya na ameruhusiwa kutafuta timu. Sisi tumeshatia sahihi kwa Burrow 275, Chase milioni 161 kwa miaka minne, Higgins 115 kwa miaka minne. Pesa yote iko upande wa kushambulia. Ulinzi utatoka wapi kama si kwenye drafti?

Zainab: Kijana wa drafti mshahara wake umepangwa kulingana na namba aliyochaguliwa. Nafasi ya 17 ni bei ileile akiwa gadi au akiwa mkimbizaji wa kwotabeki, miaka minne, na timu ina hiari ya mwaka wa tano. Basi chaguo la juu ulitumie pale ambapo sokoni pana bei kali. Gadi mzuri utampata Machi, kwenye soko la wachezaji huru, kwa bei ya kuvumilika, na utampata raundi ya tatu. Mtu wa kumfikia kwotabeki kutoka pembeni, ukichelewa kumchagua, utamlipa milioni 35 au utamkosa.

Salim: Dada umemaliza.

Mjomba Hamisi: Hajamaliza. Hiyo hoja ya bei naikubali kwenye karatasi. Lakini Cappa tulimnunua Machi. La'el Collins tulimnunua Machi, goti likaenda Desemba hiyohiyo. Unanunua mtu ambaye timu yake imemwacha, na kuna sababu wamemwacha. Mstari wa kumkinga mtu unajengwa na vijana wanaokua pamoja. Kina Muñoz mmesoma habari zake? Chaguo la 3 mwaka 1980. Bengals wakaenda Super Bowl mbili akiwa pale kushoto.

Zainab: Muñoz alikuwa wa pembeni, mjomba, si gadi. Na wa pembeni tunao, Orlando Brown kushoto na Mims kulia. Kwa hao wawili tumeshalipa, mmoja kwa pesa na mmoja kwa chaguo la 18.

Mjomba Hamisi: Donald alipita wapi ile siku? Kwa pembeni au katikati?

Zainab: Katikati.

Mjomba Hamisi: Ahsante.

Mama Mdogo Rukia: Subhanallah, hapa ngoma droo 😄 Nani analeta sharubati?

Salim: Mimi mama mdogo. Nitaleta na ndimu.

Salim: Jamani mimi nina jina. Shemar Stewart wa Texas A&M. Ratili 267, na akakimbia yadi 40 kwa sekunde 4.59! Mwili huo na kasi hiyo haviko pamoja mara mbili.

Zainab: Salim hapo hatuko pamoja.

Salim: Kwa nini? Si umesema mkimbizaji?

Zainab: Nimesema nafasi, sikusema mtu yeyote tu wa nafasi hiyo. Stewart miaka mitatu chuoni ameangusha makwotabeki 4.5 kwa jumla. Na hilo ndilo jibu la mjomba kuhusu Murphy. Tulichagua nafasi sahihi kwa kipimo kibaya. Tunapenda miili. Tunamuona kijana mrefu, anaruka juu, tunasema kocha atamfundisha. Mimi nataka aliyekuwa anafika kwa kwotabeki tangu chuoni, hata kama ni mfupi kwa inchi mbili.

Salim: Lakini Stewart alikuwa anamfikia kwotabeki bila kumwangusha. Kumsumbua nako ni kazi. Ukimlazimisha arushe kabla hajawa tayari, mabeki wako wa nyuma wanaokota mpira. Na kocha wa ulinzi amebadilika, Anarumo ameondoka, Al Golden amekuja kutoka Notre Dame.

Zainab: Kumsumbua ni kazi, nakubali. Ila mimi siwezi kuwekeza raundi ya kwanza kwa kusumbua.

Mjomba Hamisi: Mnaona sasa. Hata nyie wenyewe hamwaminiani. Gadi ukimchagua Jumapili ya kwanza anacheza. Tyler Booker wa Alabama anacheza wiki ya kwanza. Donovan Jackson wa Ohio State, chuo cha hapa hapa, mmemuona kwa macho yenu akisogezwa pembeni katikati ya msimu, akashika mahali pagumu hadi wakabeba ubingwa wa vyuo.

Salim: Jackson nampenda sana kwa kweli. Ila kwa 17 ni mapema.

Omari (Mombasa): Swali la mgeni. Bingwa wa mwaka huu alishindaje? Si mumuige yeye?

Zainab: Omari hilo ni swali zuri kuliko yote. Eagles. Walimpiga Mahomes, kwotabeki wa Chiefs, 40 kwa 22, wakamwangusha mara 6, na walitumia watu wanne tu wa mbele bila kuongeza mtu. Jordan Davis drafti ya 2022, Jalen Carter na Nolan Smith ya 2023, wote raundi ya kwanza, wote mstari wa mbele wa ulinzi.

Mjomba Hamisi: Na wanaomkinga Hurts, kwotabeki wao, je? Lane Johnson chaguo la 4 mwaka 2013. Usitaje nusu ya timu.

Zainab: Na Mailata wa kushoto ni chaguo la 233, raundi ya saba, mcheza raga wa Australia ambaye hakuwahi kucheza mpira huu. Unaona? Kwenye kukinga wanajua kufundisha mtu kutoka mwanzo.

Omari (Mombasa): Raga! Adongo wetu naye si alienda huko?

Salim: Daniel Adongo, Colts, 2013. Mkenya wa kwanza kucheza NFL.

Mjomba Hamisi: Kijana yule alikuwa na moyo. Siku alipoingia uwanjani niliwapigia simu Mombasa nzima.

Mama Mdogo Rukia: Hata mimi ulinipigia na niko mtaa wa pili 😂

Mjomba Hamisi: Nimemsikiliza Zainab. Bei imenigusa, kwa sababu Hendrickson akiondoka kweli hatuna mtu. Msimamo wangu ni huu. Booker akiwa bado yupo saa ya 17, namtaka Booker. Akiwa ameshachukuliwa, leteni mtu wa mbele wa ulinzi, nami nitanyamaza. Lakini machaguo yetu yanayofuata, la 49 au la 81, moja kati ya hayo mawili lazima liwe gadi. Si sefti, si mpokeaji mwingine. Gadi.

Zainab: Mjomba hapo tumekutana. 17 mbele ya ulinzi, 81 gadi. Kwa 49 mimi naomba lainbeka, yule mlinzi wa katikati nyuma ya mstari wa mbele, maana Pratt wetu ameomba kuhama na katikati watu wanapita kama barabara kuu.

Mjomba Hamisi: 49 gadi, 81 lainbeka.

Zainab: Gadi wazuri mwaka huu ni wengi hadi raundi ya tatu, malainbeka wanakwisha mapema. Ukisubiri gadi hupotezi. Ukisubiri lainbeka unapata mabaki.

Mjomba Hamisi: Nipe majina ya hao gadi wa raundi ya tatu.

Zainab: Dylan Fairchild wa Georgia. Alikuwa anapigana mieleka shuleni, mjomba. Mtazame mikono yake usiku huu kisha unijibu.

Mjomba Hamisi: Nitamtazama.

Salim: Na Stewart je?

Zainab: Salim.

Salim: Nauliza tu dada.

Mama Mdogo Rukia: Maghrib Alhamisi ni saa mbili na dakika ishirini na kidogo, yaani wataanza kabla hatujafungua. Zamu yetu ya 17 haitafika kabla ya saa nne, kwa hiyo tunasali, tunakula, ndiyo tunakaa. Kaka, mkeka uko kwako tangu Idi, uje nao.

Mjomba Hamisi: Nitauleta. Omari, utakuwa macho?

Omari (Mombasa): Nitaamka kwa ajili ya gadi wako mjomba. Ijumaa siendi kazini hadi saa tatu.

Zainab: Amka kwa ajili ya ulinzi.