Mtihani wa Kijapani (JLPT) ngazi ya N3 Desemba hii, ari ya kusoma imeniisha, mnafanyaje?

Wadau habari, N4, ngazi ya chini yake, nilifaulu, sasa nataka N3 ila miezi miwili hii nikifungua kitabu usingizi, kanji (zile herufi za Kijapani) za jana leo zimeyeyuka, 待 na 持 bado nazichanganya. Mnajipaje moyo?

Jibu: Pole sana ndugu yangu. Hizo angalia kushoto, 持 ina mkono ndo maana ni kushika, 待 ina alama ya mwendo, ni kusubiri. Mi naandika kanji tano kwenye karatasi nabandika juu ya sinki, nikiosha vyombo nazitamka kwa sauti. Tano tu, usijibebeshe hamsini utachoka bure.

Jibu: Na kusikiliza usikuache nyuma. Kufaulu N3 ni alama 95 kwa 180 lakini kila sehemu lazima ufikishe 19 kwa 60, mi nilikuwa na jumla 104 ila kusikiliza nikapata 17, nikafeli, iliniuma mno. Tangu hapo kila asubuhi kwenye daladala nasikiliza mazungumzo yaleyale wiki nzima mpaka yanaingia, na siku ukielewa sentensi bila kutafsiri kichwani, aisee, mzuka unarudi wenyewe.

Muulizaji: Asanteni sana jamani, karatasi ya sinki nabandika leo leo.