Naombeni ushauri: kuongeza ram kwenye HP Z420

Wakuu habarini, niko Dodoma hapa Nkuhungu, nina kompyuta ya mezani HP Z420 naichorea ramani za nyumba, ina ram 16GB yaani nne za 4GB DDR3 ECC (zile zinazojirekebisha makosa) na sloti nne ziko wazi. Nikifungua Revit (programu ya kuchorea majengo) inaganda balaa. Sasa kuna muuzaji ana ram za seva za 8GB bei chee kweli ila ni zile rejista (registered, zenye chipu ya ziada), na mashine hii inataka zisizo rejista, mwisho wake 64GB, so hizo naziacha. Je, nichanganye hizi za 4GB na nne za 8GB au nitoe zote niweke saizi moja? Na hapa Dom wapi napata used nzima nikaijaribu kabla sijalipa, au ni mpaka Kariakoo tu?