Chuma kwenye baridi ya nyuzi -196 za Selsiasi: unene unasaidia kisipasuke? Naomba kueleweshwa kipimo cha Charpy

Mchomeleaji_Temeke
Wakuu habari za saa hizi. Mimi fundi wa kuchomelea, karakana yetu inatengeneza matenki na mabomba ya presha ya kawaida, sasa imeingia kazi ya bomba la kupitisha naitrojeni ya maji (gesi ya naitrojeni iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika) na kwenye karatasi za mteja imeandikwa weldi zipite kipimo cha Charpy (kile cha kupiga kipande cha chuma kwa nyundo ya mashine) kwenye -196. Bosi anaona ni gharama za bure, anasema tuchukue chuma cha kawaida unene mara mbili tumalize kazi, hoja yake ni kwamba chuma kikipoa kinazidi nguvu. Na kweli nimesoma sehemu kwamba kikivutwa kwenye baridi kali kinahimili mzigo mkubwa kuliko kwenye joto la kawaida. Sasa kama nguvu inapanda mbona watu wanasema kitapasuka? Na hicho kipimo kinafanywaje hasa? Mwenye uzoefu anieleweshe, maana mimi ndo nitashika tochi na jina langu ndo litakaa kwenye cheti.

Metali_na_Moto
Mkuu hiyo ya unene usiikubali hata kidogo. Ni kweli nguvu ya kuvutwa inapanda kwenye baridi, ila tenki la baridi haliuawi na kukosa nguvu, linauawa na ufa. Chuma cha kawaida kwenye joto la hapa Dar, ufa mdogo ukianza, pale kwenye ncha yake chuma kinanyumbuka kwanza, kunyumbuka huko kunameza nishati na ufa unasimama. Kikipoa, atomu zake haziwezi kuteleza kirahisi, ndo maana nguvu inaonekana imepanda, lakini ndo maana hiyohiyo kinashindwa kunyumbuka na ufa unakimbia moja kwa moja hakuna wa kuuzuia. Na wala usisubiri -196, vyuma vingi vya kawaida vinaanza kubadilika tabia karibu na sifuri tu. Unene unazidisha ubaya, kwasababu katikati ya pleti nene chuma kimebanwa pande zote hakina pa kunyumbukia.

Stenlesi (chuma kisichoshika kutu) za aina ya 304L na 316L, na alumini pia, atomu zake zimepangwa kwa mpangilio mwingine ambao kuteleza kunaendelea hata kwenye baridi kali, ndo maana zinatumika huko.

Kipimo chenyewe ni cha siku nyingi, Mfaransa Georges Charpy alikieleza mwaka 1901. Unachonga kipande cha mm 10 kwa 10 urefu 55, katikati unakata alama ya V ya kina mm 2 na pembe ya nyuzi 45, na hapo ndo wengi wanaharibu kwasababu ncha ya V ikichongwa ovyo majibu yote hayana maana. Kipande unakizamisha kwenye naitrojeni ya maji pamoja na koleo lenyewe, itachemka kwa fujo, ikitulia unakiacha humo angalau dakika 5, halafu unakitoa unakiweka kwenye mashine yenye nyundo inayobembea, mkato ukiwa upande wa pili wa nyundo, unaachia. Kutoka kwenye naitrojeni mpaka kupigwa isizidi sekunde 5. Ikizidi, kipande kimeshapata joto na unajidanganya. Nyundo ikipita unasoma jouli (kipimo cha nishati) zilizoliwa na kipande, na kwa stenlesi mara nyingi wanaangalia pia kipande kimetanuka kiasi gani upande uliopigwa, kima cha chini kinachotumika sana ni mm 0.38.

Mzee_wa_Boila
Kijana muoneshe bosi wako habari ya Cleveland, Marekani, tarehe 20 Oktoba 1944. Tenki la gesi asilia ya kimiminika, baridi ya kama -162, lilipasuka, gesi ikatiririka mitaani mpaka kwenye mifereji ya maji taka ikawaka, watu kama 130 wakafa. Tenki lile lilikuwa la chuma chenye nikeli asilimia 3.5, yaani hata sio chuma cha kawaida unachoambiwa wewe utumie, na bado baridi ile ilikizidi. Mwaka mmoja kabla meli ya mafuta Schenectady ilikatika karibu vipande viwili ikiwa imefungwa gatini Portland, haijagonga kitu chochote. Watu walikufa ndo tukapata hizi kanuni, naumia sana nikisikia mtu anaziita gharama za bure.

Baadaye ndo kikaja chuma cha nikeli asilimia 9, na mwaka 1960 Wamarekani walitengeneza matenki yake wakayajaza naitrojeni ya maji wakayapasua makusudi waone yanakufaje kabla ya kuyaamini. Huo mradi wa LNG (gesi asilia ya kimiminika) tunaousubiri Lindi ukija, fundi anayejua haya mambo atakuwa na kazi, kwahiyo jifunze.

Mchomeleaji_Temeke
Shukrani sana mzee na mkuu Metali. Basi nitamwambia bosi tuende na 304L. Swali, tigi (kuchomelea kwa gesi ya kukinga na waya) peke yake inatosha au nijazie na elektrodi (fimbo yenye ganda)? Na bomba letu ukuta wake mm 6, sasa kipande cha 10 kwa 10 nakitoa wapi?

Dada_wa_Maabara
Kaka yangu kama muda unaruhusu piga tigi mwanzo mwisho. Elektrodi inaacha oksijeni na vijichembe vya slagi (taka ya ganda la elektrodi) ndani ya weldi na kila kijichembe ni mahali pa ufa kuanzia, utaona kwenye jouli zinavyoshuka. Waya wa kujazia uwe 308L au 316L, ila uliza muuzaji akupe wenye feraiti ndogo (sehemu ya weldi ambayo atomu zake zimepangwa kama za chuma cha kawaida), kwasababu ile feraiti inayosaidia weldi isipasuke ikiwa ya moto ndo hiyohiyo inayokuwa dhaifu kwenye -196. Isikosekane kabisa lakini isizidi.

Ukuta mwembamba sio tatizo, kuna vipande vya mm 5 kwa 10, urefu na mkato ni uleule, ila jouli zake usizilinganishe na za kipande kizima. Utahitaji vipande vitatu vya katikati ya weldi na, kutegemea kanuni aliyoitaja mteja, vitatu vya pembeni pale palipopata moto, kwahiyo chomelea bomba la majaribio refu la kutosha kabisa.

Halafu mkienda maabara muwe makini na naitrojeni yenyewe, lita 1 ikigeuka gesi inakuwa karibu lita 700 na inafukuza hewa ya kupumua bila harufu yoyote. Chumba kiwe wazi na msifanye mtu mmoja peke yake.