Msitu kwenye cheti cha daktari: ushahidi unatosha?

Wadau, naleta hili tulijadili kwa kina. Je, tafiti za tiba ya msitu, yaani kukaa na kutembea msituni kwa utulivu kwa ajili ya afya, zimefikia kiwango cha daktari kumwandikia mgonjwa matembezi ya msituni, na fedha za umma zilipie? Korea Kusini ina sheria ya ustawi wa watu kupitia misitu tangu mwaka 2015, kwa hiyo si swali la kinadharia tena. Msimamo wangu: kama nyongeza ya matibabu, naunga mkono. Kuiita tiba, bado.

Neno lenyewe, shinrin-yoku, yaani kuoga msitu, lilitolewa na idara ya misitu ya Japani mwaka 1982. Vipimo vilikuja baadaye. Utafiti unaotajwa sana ni ule wa matokeo ya mwaka 2010: misitu 24, vijana 280, wote wanaume. Kwa kawaida kituo kimoja kilikuwa na vijana 12. Sita wanapelekwa msituni, sita mjini, kesho yake wanabadilishana. Kijana anatembea, anaketi kwenye kiti akitazama miti, kisha mate yake yanapimwa kortisoli, ile homoni ya msongo. Ilishuka msituni, pamoja na mapigo ya moyo na shinikizo la damu.

Mimi nilifurahi sana niliposoma hayo. Halafu nikasoma uchambuzi wa watafiti wa Italia wa mwaka 2019 uliounganisha tafiti za namna hii, nikakwama. Kortisoli ya waliopangiwa msitu ilikuwa chini kuliko ya waliopangiwa mji hata kabla hawajaingia msituni! Huenda kule kujua tu kwamba leo unakwenda msituni kunatuliza. Na hapo huna ujanja: kidonge unaweza kumpa mtu cha bandia asijue, msitu huwezi kumficha.

Jibu: Ndugu mleta mada, nakuheshimu, ila umechagua upande mmoja. Tazama kazi ya Qing Li, mtafiti wa tiba ya msitu huko Japani. Aliwachukua wanaume 12, siku tatu msituni, na chembe za kinga zinazoua seli zilizoambukizwa virusi zikaongezeka nguvu. Watu wakasema, aah, ni likizo tu. Akafanya safari ya aina hiyohiyo ya mjini, na chembe hazikuongezeka. Hakuishia hapo. Aliwalaza watu hotelini usiku tatu, chumbani mna mvuke wa mafuta ya mti wa hinoki, chembe zikapanda bila msitu wowote. Hiyo harufu ya miti, fitonsidi, inafanya kazi mwilini. Usiiite matarajio tu.

Tena mgonjwa wa msongo akitulia kwa sababu alitarajia kutulia, amepoteza nini? Matembezi hayana sumu.

Mleta mada: Hoja ya safari ya mjini naikubali, ndugu yangu, imenibana kweli. Lakini watu 12 ni wachache mno, na chembe kupanda si sawa na mtu kuugua mara chache. Hilo la pili ndilo mgonjwa analolitaka, na ndilo halijapimwa vya kutosha.

Kuhusu kupoteza: anaweza kupoteza muda. Mwenye sonona kali akiambiwa msitu unatosha, akaacha dawa, hayo ni madhara. Na ule utafiti wa Uingereza wa watu karibu 20,000, uliohusisha dakika 120 kwa wiki kwenye maeneo ya asili na afya njema, haukumpangia mtu yeyote kutembea. Uliwauliza tu. Mwenye magoti mabovu hafiki msituni, basi anahesabiwa miongoni mwa wasiokwenda, na inaonekana kama afya yake ni mbovu kwa kukosa msitu.

Ninachoomba: wagonjwa halisi, wanawake wakiwemo, wagawanywe kwa kura, wengine msituni, wengine bustani ya mjini, wengine mazoezi ya ndani, muda uleule na kiongozi yuleyule, wafuatiliwe mwaka mzima. Msitu ukishinda hapo, nitakuwa wa kwanza kudai ulipiwe.