Waliohama Dar kwenda kuishi mkoani, tupeane uzoefu: ulipata nini, ulikosa nini?

Habari zenu wapendwa. Mume wangu kapata kazi Dodoma, mkataba wa miaka mitatu. Mimi nina duka la vitenge hapa Mbagala toka 2017, wateja wangu ni wa kujuana, wengine nawakopesha wanalipa mwisho wa mwezi. Watoto wawili, mkubwa yuko la tatu. Mama yupo Temeke na ndo ananishikia mdogo nikienda Kariakoo kuchukua mzigo. Tumepiga hesabu wiki ya pili sasa na kila siku tunapata jibu lingine. Mliohama, mkoa wowote, naombeni ukweli.

#2
Karibu Dodoma dada. Mi nilihamia 2018 na ofisi yetu. Huu mpango wa makao makuu ni wa toka 1973 kwahiyo wazee kazini walikuwa hawaamini kabisa, mpaka siku fuso zimepaki nje zinabeba mafaili. Nilikuwa naishi Chanika, natoka saa kumi na nusu alfajiri watoto wamelala, narudi wamelala. Huku nakaa Nzuguni, jioni nawaogesha mwenyewe na daftari nakagua, kwa hilo tu mi Dar sirudi.

Ila maji jamani. Visima vingi vina chumvi, unafua sabuni haitoi povu, birika linaota ukoko mweupe ndani mpaka unaugonga na kijiko. Kabla hujalipa kodi ya miezi sita fungua bomba uonje, halafu nenda kwa jirani umuulize yanatoka siku ngapi kwa wiki, dalali hawezi kukwambia. Kiangazi ni vumbi na upepo, unafuta meza asubuhi mchana haitamaniki. Mwezi wa saba baridi, midomo inapasuka, beba mablanketi usiyagawe.

#3
Mimi mwalimu, nilipangiwa Njombe nikitokea Tanga. Chakula sijutii, viazi na parachichi tunapeana bure majirani, na mtoto wangu kule Tanga alikuwa anaumwa malaria kila mara, huku imekuwa nadra sana. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba unazoea, ingawa nguo zinakaa kwenye kamba siku tatu.

Nisichozoea ni umbali. Baba alizidiwa usiku, nikapigiwa simu saa tano, nikalala kwenye benchi stendi kusubiri basi la alfajiri. Nimefika nyumbani usiku wa siku ya pili, walishazika alasiri, nikaonyeshwa kaburi kwa tochi ya simu. Kwahiyo dada, mama yako hapo Temeke mkae mzungumze naye kabisa, akiumwa nani anaamka naye. Hilo mlimalize kabla ya habari za nyumba.

#4
Mtwara, biashara ya nguo. Korosho zikianza mnadani mwezi wa kumi huko hela unaiona, mtu ananunua doti tano hapohapo. Mwezi wa nne duka linaweza kupita siku nzima bila mteja. Mi mwaka wa kwanza faida yote niliongezea mzigo nikakwama kodi ya fremu. Ukifika mji mgeni kaa kwanza uone hela yake inazungukaje ndo ufungue.

#2
Naongezea. Toka treni ya SGR ianze kufika Dodoma 2024 ni kama masaa manne hivi, mwenzangu mmoja anaenda Kariakoo alfajiri na usiku analala kwake. Basi lilikuwa linakula siku nzima. Na huyo wa la tatu mhamishe Januari shule zikifungua, la nne ana mtihani wa taifa, usimtoe katikati ya mwaka.

Mwanzisha mada
Asanteni sana, #3 pole kwa baba, nimesoma nikampigia mama saa hiyohiyo. Kasema yeye hahami lakini dada yangu wa Kigamboni atahamia kwake. Mume atangulie mwezi ujao atafute nyumba yenye maji, sisi tufuate Desemba, duka namwachia binti niliye naye kwa miezi sita tuone. #2 fremu za pale Majengo sokoni zinapatikana au mpaka umpate anayehama?