Siku moja Kigoma mjini, Kibirizi na Ujiji: tuanzie wapi, tule nini?

Muulizaji: Wakuu, habari za humu. Tunashuka Kigoma watu wanne kutokea Tabora, tuna siku moja ya kuzurura bila haraka. Tunataka kufika Ujiji, kula samaki wa Ziwa Tanganyika, na kurudi na dagaa na mawese. Tupangeje? Na dagaa wazuri wanajulikanaje?

Mwalo_Asubuhi: Mkuu, kwanza angalia mwezi. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Kukiwa na mbalamwezi taa haziwavuti, wavuvi wengi wanapumzika na mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, hakuna kitu. Pia ulizia kama ziwa limefunguliwa: 2024 uvuvi ulisitishwa 15 Mei hadi 15 Agosti. Kukiwa na giza, wahini mwalo wa Kibirizi alfajiri mitumbwi ikirudi. Dagaa wa kubeba chukua waliokaushwa kwenye chanja, ile meza ya kuanikia iliyoinuliwa. Wa kuanikwa chini wana mchanga hata uoshe mara ngapi. Mvunje mmoja: akikatika "ka" ni mkavu, akijikunja bado ana maji. Hapo ukinunua kwa kilo unalipia maji, na ukimfunga kwenye mfuko wa nailoni ataota ukungu njiani. Tumia kiroba kinachopitisha hewa.

Mama_Chikichi: Mawese onja kidogo kwanza. Yakikwaruza koo ni ya zamani. Kidumu usikijaze hadi mdomoni, acha nafasi ya vidole viwili maana jua likipiga mafuta yanatanuka na kifuniko kinavuja juu ya mizigo ya watu. Yakiganda kwa baridi, weka kidumu juani, si jikoni. Na msile hotelini jamani! Tafuteni mama ntilie mwenye ugali wa muhogo na mgebuka, samaki wa ziwani, wa mawese.

Reli_ya_Kati: Ujiji nendeni baada ya chakula, daladala zipo muda wote. Kwenye makumbusho ndipo mwandishi wa habari Stanley alipomkuta mmisionari na mpelelezi Livingstone mwaka 1871, inasemekana chini ya mwembe. Mwembe wenyewe ulishakufa. Miembe mnayoonyeshwa inasemekana ni uzao wake. Stesheni ya Kigoma mtaiona mkishuka, ni jengo la Wajerumani. Reli yao ilifika hapo 1914.

Muulizaji: Asanteni sana. Mgebuka mbichi unafika Tabora?

Mwalo_Asubuhi: Bila barafu, hapana. Chukua wa kubanikwa, umfunge kwenye gazeti, mbali na hicho kidumu.