Naomba ushauri: mlango wa roshani unajifunga wenyewe

Habari zenu ndugu zangu. Naishi ghorofa ya tatu, Ntinda, Kampala. Upepo ukibamiza mlango wa roshani, kitasa kinajifunga, na upande wa nje hakina mkono. Jumamosi mama mkwe alifungiwa huko akianika nguo. Simu ndani, mimi niko Mbarara na ufunguo wa mbele. Jirani alimsikia, akaita fundi wa vitasa. Alifungua mlango wa mbele bila kutoboa chochote, kazi safi, ila bei yake, mmh!

Nimeegesha tofali mlangoni, watoto wanalihamisha. Mwenye nyumba hataki mlango utobolewe upya.

Je, kuna kitasa cha kufunguka pande zote kinachoenea tundu lilelile? Na gharama yake ni yangu au ya mwenye nyumba?